Jumba la heshima la mashujaa wasiowahi kuzaliwa

Je, mpenzi msomaji, umewahi kumlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa? Usicheke. Pengine uliwahi kufunga kitabu cha hadithi ukiwa na donge kooni kwa sababu mhusika uliyempenda ameaga dunia katika sura ya mwisho. Sasa hebu fikiria kwamba hukusoma habari zake kitabuni, bali ulimlea mwenyewe mezani pako, usiku baada ya usiku, kwa dadu tatu na daftari. Ulimpa jina. Ulimwona akiingia uwanjani akiwa kijana mbichi, ukahesabu kila mpira alioupiga, ukamwona akizeeka na kupungukiwa na mbio, hatimaye ukamstaafisha. Kisha ukaketi ukajiuliza: je, huyu anastahili kuingia katika Jumba la Heshima?

Wako watu wazima, hasa huko Marekani, ambao hujiuliza swali hilo kwa dhati kabisa. Ni watu wenye kazi na familia, lakini jioni wanapomaliza shughuli zao huendesha ligi za besiboli zisizo na uwanja wala mashabiki. Ligi hizo huchezwa kwa kadi na dadu, au kwa kompyuta. Zina misimu, zina mabingwa na zina rekodi. Nyingi kati yake zina pia Jumba la Heshima, ambamo wachezaji bora huingizwa kwa kura baada ya kustaafu.

Huenda unasema huo ni upuzi wa watu walioshiba. Nakuomba usihukumu haraka. Ndani ya mchezo huu mna funzo linalomhusu kila anayetoa heshima na kila anayeipokea, awe mwalimu siku ya kutoa zawadi, mzazi mbele ya wanawe, au taifa zima linapochagua mashujaa wake.

Besiboli na hesabu zake

Kama ulicheza raunda shuleni, basi tayari unaijua nusu ya besiboli. Mrushaji humrushia mpigaji mpira. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hutimua mbio kupitia vituo vitatu akitafuta kurudi pale alipoanzia. Akifika salama, timu yake imepata pointi moja.

Tofauti na kandanda, ambapo watu 22 hukimbia kwa pamoja na ni vigumu kujua nani amechangia nini, besiboli ni msururu wa mapambano ya watu wawili. Kwa sababu hiyo kila tendo linaweza kuandikwa. Mpigaji akijaribu mara 1,000 na kufaulu mara 300, wastani wake ni 0.300, naye huhesabiwa kuwa hodari. La ajabu ni kwamba mtu huyo ameshindwa mara saba kati ya kila kumi! Besiboli huwafunza mashabiki wake mapema kwamba hata bingwa huanguka mara nyingi kuliko anavyosimama.

Jumba la Heshima la kweli la mchezo huo liko katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York. Wachezaji watano wa kwanza walichaguliwa mwaka wa 1936: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Jumba lenyewe lilifunguliwa rasmi Juni 12, 1939. Kwa kawaida, anayetaka kuingia kwa kura za waandishi wa habari za besiboli ni lazima awe amecheza angalau misimu kumi, awe amestaafu kwa angalau miaka mitano, na apate asilimia 75 ya kura. Wengi waliotamba ujanani mwao hawakuifikia idadi hiyo.

Mtoto wa miaka 11

Sasa tuje mezani. Mwaka wa 1948, mvulana wa miaka 11 aitwaye Hal Richman, aliyeishi karibu na jiji la New York, alikuwa na mchezo wa besiboli wa kuzungushwa mshale. Haukumridhisha. Aliona kwamba matokeo hayakufanana na yale ya uwanjani. Badala ya kulalamika, alichukua dadu, akazirusha maelfu ya mara na kuandika kila jibu, ili ajue ni nambari gani hutokea sana na ni zipi hutokea kwa nadra.

Mwaka wa 1961, akiwa mtu mzima, alianza kuuza mchezo wake kwa jina la Strat-O-Matic. Kila mchezaji wa kweli ana kadi yake. Unarusha dadu tatu. Dadu ya kwanza ikionyesha 1, 2 au 3, unasoma kadi ya mpigaji; ikionyesha 4, 5 au 6, unasoma kadi ya mrushaji. Dadu mbili zilizosalia unazijumlisha, na jumla hiyo inakuonyesha mstari wa kusoma kwenye kadi. Basi ustadi wa mpigaji na ustadi wa mrushaji hugawana bahati nusu kwa nusu. Mchezaji hodari ana mistari mingi mizuri, naye mnyonge ana michache. Hata hivyo, mnyonge naye ana siku yake.

Mchezo huo ulipata sifa hata ukasaidia kuziba pengo. Wachezaji wa kweli walipogoma mwaka wa 1981, pambano la nyota lilichezwa kwa kadi na dadu za Richman katika uwanja wa Cleveland, ambao ulikuwa mtupu kwa sababu ya mgomo.

Kompyuta nazo zikaingia. Mwaka wa 1999 Mjerumani Markus Heinsohn alitoa programu iitwayo Out of the Park Baseball. Humo kompyuta inaweza kukuzalia ulimwengu mzima wa wachezaji wasiokuwepo, kila mmoja na jina lake, umri wake, nguvu zake na hata majeraha yake. Misimu hupita, vijana hupanda, wazee hustaafu. Halafu kura hupigwa na baadhi yao huingizwa katika Jumba la Heshima la ligi hiyo. Mwenye ligi anaweza kuweka mwenyewe kiwango cha kura kinachohitajika.

Msomaji anayecheza ule mchezo wa kuchagua timu ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza asichanganye mambo. Huko unangoja mchezaji wa kweli afunge bao Jumamosi ndipo upate pointi. Katika ligi ninazozungumzia hakuna wa kumngoja. Ni wewe, dadu na daftari lako.

Aliyefungiwa mlango

Pengine mpaka hapa bado unauliza, faida yake nini? Ngoja nikusimulie habari za Josh Gibson.

Gibson alizaliwa mwaka wa 1911 katika jimbo la Georgia. Alikuwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na alikuwa na nguvu za ajabu za kupiga mpira. Lakini alikuwa mtu mweusi, na katika miaka hiyo ligi kuu za Marekani hazikuwaruhusu weusi kucheza. Aliichezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords katika ligi za Weusi, ambazo magazeti makubwa hayakuzijali na ambazo rekodi zake ziliandikwa kwa mapengo. Alifariki Januari 20, 1947, akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu tu baadaye, Aprili 15, Jackie Robinson aliingia uwanjani akiwa mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu za karne ya 20. Mlango ulifunguliwa wakati Gibson yuko kaburini.

Cooperstown nako alichelewa kupokelewa. Ted Williams, mzungu na mmoja wa wapigaji wakubwa wa wakati wote, alipoingizwa humo mwaka wa 1966 alitumia hotuba yake kuomba kwamba watu kama Satchel Paige na Josh Gibson nao wakumbukwe. Paige aliingia mwaka wa 1971 na Gibson mwaka wa 1972. Hatimaye, mwaka wa 2024, ligi kuu zilikubali kuzihesabu rekodi za ligi za Weusi pamoja na zake. Siku hiyo wastani wa Gibson, 0.372, uliupita ule wa Ty Cobb wa 0.367, na marehemu akawa kinara wa orodha nzima.

Wapenzi wa ligi za mezani walikuwa wamemfungulia mlango mapema kuliko orodha hiyo. Mwaka wa 2009 Strat-O-Matic ilitoa kadi za nyota wa ligi za Weusi, zilizotayarishwa baada ya kuchambua rekodi zilizopatikana. Tangu hapo, mtu yeyote angeweza kumweka Gibson mbele ya warushaji ambao sheria za ubaguzi zilimzuia kukutana nao. Dadu haiulizi rangi ya ngozi. Kwa kweli mchezo wa mezani hauwezi kumrudishia marehemu haki yake. Hakusikia makofi na hakupokea mshahara. Lakini unaweza kumkumbusha anayeucheza kwamba jumba lolote la heshima lililowaacha nje watu wa aina fulani lilikuwa na upungufu, na upungufu huo ulikuwa wa jumba, haukuwa wao.

Jaribu la kugeuza dadu

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mambo. Mwenye ligi ya mezani ndiye mungu wake mdogo. Yeye ndiye anayerusha dadu na yeye ndiye anayeandika. Hakuna refa wa kumshika mkono. Je, ni nini kinachomzuia kumpendelea mchezaji ampendaye?

Mwandishi Mmarekani Robert Coover alilitungia swali hilo riwaya mwaka wa 1968. Mhusika wake mkuu ni Henry Waugh, karani wa hesabu mwenye umri wa miaka 56, anayeishi peke yake. Amebuni ligi nzima ya besiboli kwa dadu tatu, na ameiendesha misimu mingi hata ina mashujaa wake wa kale. Siku moja anatokea mrushaji kijana, Damon Rutherford, mwana wa nguli wa zamani wa ligi hiyo. Kijana anacheza mechi isiyo na doa, hakuna mpigaji hata mmoja anayefika kituoni. Henry anampenda kama mwanawe wa kumzaa.

Lakini katika kanuni alizotunga mwenyewe, Henry ameweka orodha ya mambo ya nadra. Dadu zikionyesha moja, moja, moja katika orodha hiyo, mpira humpiga mpigaji kichwani akafa. Ili kufika huko ni lazima dadu zifululize kwa namna isiyo ya kawaida. Uwezekano wa dadu tatu kuonyesha moja zote mara tatu mfululizo ni 1 katika 10,077,696. Hata hivyo hutokea. Damon anauawa na mpira wa mrushaji aitwaye Jock Casey.

Henry anaanza kuharibikiwa. Anakunywa, anaikosa kazi, na analilia jina lililoandikwa kwa kalamu. Mwishowe anafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: anaigeuza dadu kwa mkono wake ili Casey naye afe. Kisasi kimelipwa, lakini tangu saa hiyo ligi si ile tena. Kwani mkono ukishaingia mara moja, ni nani atakayeamini kwamba ile mechi ya Damon isiyo na doa ilitoka kwa dadu?

Mpenzi msomaji, tafakari hapo. Heshima ya Damon ilikuwa na thamani kwa sababu moja tu, kwamba Henry angeweza kumpendelea na hakumpendelea. Alipogeuza dadu kumlipizia kijana wake, aliitia doa hata sifa ya yule aliyempenda. Ndivyo ilivyo hata katika dunia yetu ya nyama na damu. Mwalimu anayemwongezea mtoto wa rafiki yake alama mbili anadhani amemsaidia. La hasha. Amezitia shaka hata zile alama themanini ambazo mtoto alizitolea jasho. Mtoaji wa nishani anayemtunuku jamaa yake anazipunguzia uzito nishani zote zilizotolewa kabla. Upendeleo hauumizi anayenyimwa tu. Humwibia hata anayepewa.

Ndiyo maana wenye ligi hizi wengi huweka kanuni zao kabla ya msimu kuanza, na huzifuata hata zinapowauma. Hubishana vikali: je, aliyecheza misimu 20 bila makuu lakini akakusanya mapigo mengi anastahili kuingia, au tuchukue yule aliyewaka misimu mitano kisha akavunjika mguu? Hakuna fedha, wala mshindi hatajengewa sanamu. Wanabishana kwa sababu wanataka neno "bora" liendelee kuwa na maana.

Daftari huishi kuliko mtu

Mwingine aliyeshikwa na mapenzi haya ni mwandishi Jack Kerouac, aliyezaliwa mwaka wa 1922 huko Lowell, Massachusetts. Tangu utotoni alikuwa na ligi yake ya besiboli ya kubuni. Alizipa timu majina ya magari, akawatungia wachezaji majina ya kuchekesha, akawa anaandika hata magazeti ya kuripoti mechi hizo. Aliendelea nayo akiwa mtu mzima mashuhuri, huku wengi wakiwa hawana habari. Alifariki mwaka wa 1969. Kadi zake na karatasi zake za ligi hiyo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York.

Mashujaa wake hawakuwahi kuvuta pumzi, lakini kumbukumbu zao zipo kwa sababu mtoto mmoja aliona vyema kuandika. Je, ni wachezaji wangapi wa kweli wa mitaani mwetu, waliotamba katika viwanja vya vumbi miaka ya nyuma, ambao leo hakuna karatasi moja inayowataja? Anayeandika ndiye anayeamua nani atakumbukwa.

Anzisha ligi nyumbani

Ikiwa wanao wanalalamika kwamba likizo inachosha, jaribuni jambo hili. Mnahitaji dadu mbili za ludo, daftari la mistari na kalamu.

Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Jumla ya 7 hutokea kwa njia 6, jumla ya 5 kwa njia 4, jumla ya 4 kwa njia 3, ilhali 2 na 12 hutokea kwa njia moja moja tu. Basi tungeni wachezaji. Mpigaji anayefaulu kwa 7 na 5 pekee ana nafasi 10 katika 36, yaani wastani wa karibu 0.278; huyo ni mchezaji mzuri wa kutegemewa. Mwongezeeni jumla ya 4, atakuwa na 13 katika 36, yaani 0.361, na hapo anawakaribia kina Cobb na Gibson. Kwa hivyo tungeni mmoja tu wa aina hiyo katika kila timu, vinginevyo ubingwa utapoteza ladha. Mtoto wa shule atajifunza hesabu za uwezekano bila kuambiwa kwamba anajifunza.

Kila timu iwe na wapigaji watano, na kila mpigaji apate mirusho minne kwa mechi. Anayefaulu aandikiwe pigo. Timu yenye mapigo mengi imeshinda. Chezeni mechi kumi, huo ni msimu mmoja. Kila baada ya misimu mitatu, mstaafisheni mchezaji mmoja kutoka kila timu. Msimu mmoja ukishapita, kaeni mezani mpige kura. Familia ya watu wanne inahitaji kura tatu, ambazo ni asilimia 75 kamili, sawa na Cooperstown. Anayempendekeza mchezaji atoe hoja kwa takwimu za daftari. Asiseme tu, "Huyu ni wangu."

Na hapa, baba na mama, nawasihi. Kitinda mimba atakapolia kwa sababu shujaa wake amepata kura mbili badala ya tatu, mtavutwa kumwongezea moja ili anyamaze. Msimwongezee. Mbembelezeni, mpeni chai, mwambieni msimu ujao utakuja. Kwa maana siku atakapofaulu, naye akajua kwamba hakuna mkono uliogusa dadu, furaha yake itakuwa ni yake kweli.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini ili pete iwe pambo, ni lazima kila aionaye aamini kwamba chanda kilikuwa chema kwanza.